Kastabini ya Bi Mwanaidi

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulikuwa umeshafika, Bi Mwanaidi aliishi na wakaza wana wake watatu: Saumu, Nuru na Mosi. Alikuwa na mashine ya kutarizi yenye kompyuta, na ndani yake aliweka ua alilolibuni mwenyewe: ukubwa, mkazo wa uzi, mpangilio wa rangi.

Lakini mashine ile ikizimwa, husahau. Ikiwashwa, huamka kama mtoto aliyezaliwa leo. Kila asubuhi Bi Mwanaidi aliipanga upya, namba kwa namba, na macho yake yalikuwa yakiingia giza.

"Siku nikishindwa kuzisoma," alisema, "ua langu nalo limekwenda."

Saumu akasikia. Akaiandikia mashine programu: kabla ya kuzimwa iandike namba zote, ikiwashwa izisome. Lakini iandike wapi? Nafasi haikuwamo.

Nuru akasikia. Akachomoa kadi ya kumbukumbu ya simu yake, iliyojaa picha za harusi yake. Akazifuta zote, akaitia kadi kwenye mashine.

Mosi hakuiamini kadi. Akazishona namba kwenye pindo la kanga kuukuu.

"Mwenzetu, kanga nayo ina programu?" wakamcheka.

"Chekeni tu."

Mwezi mzima ua likaamka kila asubuhi. Macho ya Bi Mwanaidi yakaingia giza kabisa. Alasiri moja adhana ikasikika, naye kwa mazoea ya miaka akachomoa waya aende kuswali. Kumbe mashine ilikuwa katikati ya kuandika namba kwenye kadi. Namba za zamani zimefutika, mpya zimeingia nusu.

Mosi akaleta kanga. Akasoma pindo, Saumu akaingiza. Sindano ikacheza. Bi Mwanaidi akapapasa kitambaa, petali kwa petali.

"Ndilo. Hata upogo wake wa kushoto upo."

Akavua kidoleni kastabini ya fedha, ya kushonea, aliyoachiwa na mama yake. "Nimpe nani?"

"Mimi, mama," alisema Saumu. "Nani aliyeifundisha mashine kukumbuka?"

"Ukaifundisha ikumbuke nusu," alisema Mosi. "Kanga yangu haichomolewi waya."

"Kanga yako imeliamsha mara moja. Programu yangu, mwezi mzima."

Bi Mwanaidi akageuka upande alikosikia pumzi ya Nuru.

"Nawe, mwanangu?"

"Mimi nilitoa picha tu, mama. Hizo hazina kanga ya kuzirudisha."

Kastabini ikabaki kiganjani mwa Bi Mwanaidi, ikipata joto. Nanyi mliokaa kusikiliza, semeni: nani alistahili kuivaa?