Haradali Zilizonyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Watoto nimewasikia. Watu wazima, midomo mmeiacha nyumbani? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumetimia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakula mezani, palikuwa na mgahawa wa Kihindi kwenye njia panda. Mwenyewe alikuwa Tausi. Wazazi wake walitoka Bara Hindi na magunia ya viungo, naye akarithi masufuria. Akipika dengu, huchemsha mafuta, kisha humwaga mbegu za haradali. Pa, pa, pa. Zinapasuka. Aliye njiani husikia, hugeuka, huingia.

Kila Ijumaa mchana walikuja Digidigi na mkewe. Mnawajua digidigi: swala wadogo, miguu kama vijiti, wawili wawili siku zote. Walikula wali na dengu katika sinia moja, mume upande wake, mke upande wake. Mume alikuwa mpole, alikula alichopewa. Mke alionja kwanza. Kisha aliweka kwato mezani, akaita jikoni:

"Shemeji, vitunguu hivi umevitisha tu, hukuvikaanga."

Ijumaa nyingine:

"Shemeji, dengu zinaogelea. Leo umewapikia samaki?"

Ijumaa nyingine aliuliza kama tangawizi ilipita mlangoni ikaenda zake, au kama haradali zimelala. Tausi alitoka, akacheka, akarudi kupika upya. Digidigi aliona haya, akatazama sakafu. Njiani alimwomba mkewe apunguze maneno. Mkewe alimjibu kwamba anasema kwa sababu Ijumaa ijayo anataka kurudi.

Masika yakaja, Bibi Digidigi akaugua. Masika yakaisha, naye akafa.

Digidigi akakaa nyumbani mwaka mzima. Asubuhi moja akajaribu kukumbuka ladha ya zile dengu. Haikuja. Akajaribu tena. Haikuja. Akaogopa. Ikiwa ladha imekwenda, alijiuliza, sauti ya mke wangu itabaki mpaka lini? Akaona kwamba akizionja mara moja tu, zitamrudishia sauti ile. Ilikuwa Ijumaa. Akaenda.

Akakaa pale pale pao, mbele ya kiti kitupu. Meza ilikuwa na achari ya jana, imekauka. Mhudumu alikuwa Ngiri. Tiki tiki tiki, akaja mbio. Katikati ya chumba akasahau anakwenda wapi, akarudi. Tiki tiki tiki, akaja tena, akasahau tena. Mara ya tatu akafika, akaleta chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Digidigi akasubiri. Akatega sikio upande wa jikoni. Kimya. Hakuna pa, hakuna pa.

Sinia likaja, limepoa. Maji juu, dengu chini, kama waliogombana. Vitunguu vyeupe. Chapati ilivutwa huku na huku, ikakataa kukatika. Digidigi akala tonge la kwanza, akamtafuta mkewe ndani yake. Hayumo. Akala la pili. Hayumo.

Tausi akatoka jikoni. Alikuwa amezeeka, mkia umebaki manyoya machache. Akamuuliza Sungura, aliyekaa meza ya jirani, chakula kikoje. Sungura akasema ni kitamu, mzee, kitamu sana. Akasukuma sahani iliyojaa, akatoka.

Kisha Tausi akafika kwa Digidigi, akauliza vile vile. Digidigi akafungua kinywa aseme kitamu. Lakini Tausi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama kile kiti kitupu.

Digidigi akaweka kwato mezani.

"Ndugu yangu, vitunguu hivi umevitisha tu, hukuvikaanga."

Ngiri akasimama na birika mkononi. Tausi akavuta kiti, akakaa.

"Ulimi wangu ulikufa zamani," akasema. "Nilikuwa napika kwa ulimi wa shemeji. Tangu aondoke, kila mtu ananiambia kitamu, wala harudi."

Digidigi akasema yeye hajui kupika.

"Sikuombi upike. Niambie alivyokuwa akilalamika."

Wakaingia jikoni. Digidigi akasema, vitunguu umevitisha. Tausi akavikaanga mpaka vikawa na rangi ya mgongo wa digidigi. Dengu zinaogelea. Akaziacha motoni mpaka zikashikana. Tangawizi imepita mlangoni. Akaiita, akaitwanga, akaitia. Haradali zimelala.

Hapo Tausi akasita. Siku hizo alikuwa akiogopa mafuta ya moto. Digidigi akashika mpini wa kikaango. Wakangoja pamoja mpaka mafuta yakatoa moshi, Tausi akamwaga mbegu.

Pa, pa, pa.

Sungura, ambaye alikwisha fika njiani, akageuka.

Ngiri akabeba sinia. Tiki tiki tiki, akafika bila kusahau, kwa kuwa alifuata harufu. Digidigi akaonja. Akafumba macho.

Tausi akauliza, "Vipi?"

"Chumvi bado kidogo."

"Angesema hivyo?"

"Angesema."

Tausi akacheka kama zamani, akaenda kuchukua chumvi. Digidigi akalisogeza sinia katikati ya meza, akala upande wake.

Funzo ni hili. Anayekuambia dengu zako ni mbovu, kisha akarudi Ijumaa, huyo anakupenda. Msione haya kwa ajili yake angali hai. Na akishaondoka, tunzeni hata manung'uniko yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, wali ukiwa umebaki upande mmoja wa sinia.