Siku Mwalimu Alipochinja Jogoo Darasani

Andalio halimjui mtoto. Mmeisikia leo mkutanoni, pale Mama Kimweri alipomtupia yule fundi wa maji na mchoro wake mkubwa. Sisi wazee tukacheka, ninyi vijana mkabaki kutazamana. Fundi amechora bomba tangu chemchemi ya juu hadi zahanati, kila futi mahali pake, na hakuuliza hata mtu mmoja kama chemchemi ile hukauka mwezi wa tisa. Sasa mnataka kujua maneno ya Mama Kimweri yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa kwenye shule yetu hiihii, darasa la tatu, nami nilikuwa dawati la nne nikiyaona yanazaliwa. Ilikuwa hivi.

Mwaka ule chuo cha ualimu kilituletea kijana aje kufanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki nane. Aliitwa Hemedi Sengasu, mtoto wa mkata mkonge wa Korogwe. Alipanda milima hii akiwa na viatu vinavyong'aa, na daftari la maandalio alilolivika jalada la kaki. Andalio, kwa msiojua, ni maandishi ya mwalimu kabla hajaingia darasani: dakika tano nitafanya hiki, dakika kumi kile, wanafunzi watajibu hivi, nitamaliza vile. Walimu wengine huandika nusu ukurasa. Sengasu aliandika kurasa tatu kwa wino wa bluu, akapiga mistari kwa rula na wino mwekundu.

Wiki ya kwanza tulimpenda. Alikuwa na sauti ya kujaza chumba, na jedwali la kuzidisha alilitungia mashairi tukayaimba mpaka nyumbani. Lakini majina yetu hakuyajua. Tulikuwa themanini na wanne, na sote kwake tulikuwa "wewe wa dirishani", "wewe mwenye sweta la kijani". Huyo wa sweta la kijani alikuwa Mwajabu, jirani yangu wa dawati. Katika hesabu alikuwa akipata sifuri kila siku, na mwalimu alikwisha kumpa jina: "ubao mtupu".

Wiki ya tatu tukafika kutoa kwa kukopa. Hapo ndipo gari lilipokwama. Aliandika ubaoni thelathini na mbili toa saba, akaeleza kwamba mbili haitoshi kutoa saba, kwa hiyo tunakopa kumi kwa jirani. Sisi tukaona saba ni kubwa, mbili ni ndogo, tukatoa mbili kwenye saba, tukapata tano. Thelathini na tano! Darasa zima, siku baada ya siku, thelathini na tano. Akaeleza kwa upole, akaeleza kwa ukali, akaeleza kwa fimbo. Thelathini na tano.

Katikati ya balaa hilo akaja mkufunzi kutoka chuoni kumpima, Bwana Kallaghe, mzee mkavu asiyecheka. Alikaa nyuma dakika arobaini, akaandika, akaondoka. Sengasu akaanguka. Yalibaki mapimo ya pili, baada ya wiki mbili. Akianguka tena, chuo basi, anarudi Korogwe kukata mkonge na baba yake, ambaye alikwisha kuwatangazia watu wa kambi nzima kwamba mwanawe ni mwalimu.

Mwalimu wetu wa darasa, aliyewekwa kumlea Sengasu katika mazoezi yake, alikuwa Mwalimu Nakiete, mama wa Kipare mwenye maneno machache. Siku moja wakati wa mapumziko tulimsikia akimwambia dirishani:

"Mdogo wangu, weka kalamu chini. Toka nje uwatazame wanavyocheza."

"Dada Nakiete, nina andalio la kesho."

"Andalio la kesho liko huko nje linakimbia."

"Niliumbwa kufundisha, sikuumbwa kuchunga," akajibu, akarudi kwenye rula yake.

Laiti angetoka! Angeona mchezo uliokuwa umetushika mwaka ule. Tulikuwa tukipiga visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Mnachora duara, kila mtu anaweka visoda vyake, mnarusha jiwe bapa. Ulichokitoa nje ya duara umekila. Kisoda cheupe tulikiita kifaranga. Kisoda chekundu kilikuwa adimu, nacho ndicho jogoo: jogoo mmoja ni vifaranga kumi. Ukiwa unatakiwa kutoa vifaranga saba nawe umebaki na viwili tu na majogoo, unamchinja jogoo. Unampa mwenzako mmoja, anakupa vifaranga kumi, mchezo unaendelea. Hakuna mtoto aliyekosea hesabu hiyo, maana ukikosea unaliwa. Na bingwa wa shule nzima alikuwa Mwajabu.

Siku ya mapimo ikafika, Jumatano, ukungu umeingia hadi darasani kwa sababu madirisha hayakuwa na vioo. Bwana Kallaghe akakaa nyuma, Mwalimu Nakiete pembeni yake. Sengasu akaingia na daftari lake na gunia. Mwisho wa juma uliotangulia alikuwa ameutumia kukusanya zana za kufundishia kwenye hoteli za Korogwe. Akapita kila dawati akimwaga visoda thelathini na viwili.

Wandugu! Visoda vipya! Na ndani yake, bila mpango, vyekundu vimo! Kwake vyote vilikuwa visoda tu.

Akasoma kwenye andalio, akainua kichwa. "Haya, kila dawati wahesabu. Mnavyo vingapi?" Andalio lilisema wanafunzi watajibu: thelathini na viwili.

Dawati letu lilipata vyekundu sita. Mwajabu akasimama. "Themanini na sita, mwalimu."

"Hesabu tena."

"Themanini na sita."

"Hamsini na tisa!" dawati la mbele likapiga kelele.

Jasho likamtoka Sengasu katika baridi ile. Nyuma tulisikia kalamu ya mkufunzi ikikwaruza karatasi. Mara mkono ukapita dawatini kwetu, jogoo mmoja akatoweka. "Mwalimu, huyu kaniibia jogoo!" "Muongo, nimemla!" "Hukurusha jiwe, umemlaje?" Ngumi zikaanza kuruka. Visoda vikamwagika sakafuni, nusu ya darasa ikawa chini ya madawati.

Sengasu akachukua fimbo. Aliamini tumekula njama ya kummaliza mbele ya mkufunzi. Akamwendea Mwajabu, akainua mkono.

"Wewe ubao mtupu! Thelathini na mbili toa saba ni ngapi? Sema thelathini na tano tena, mkufunzi asikie!"

Mwajabu hakurudi nyuma. Alikuwa ameshika majogoo watatu na vifaranga wawili, kwa sababu ndivyo alivyosikia thelathini na mbili. Akavitazama kiganjani.

"Mwalimu, si unamchinja jogoo tu?"

"Unasema nini?"

"Mchinje jogoo!" darasa zima likaitikia kutoka chini ya madawati. "Mchinje!"

Fimbo ilibaki juu. Mimi nilikuwa karibu, niliona macho yake yakihama kutoka usoni kwa Mwajabu hadi kiganjani. Majogoo watatu. Vifaranga wawili. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko andalio lolote linavyoruhusu. Kisha mkono ukashuka.

"Jogoo mmoja ni ngapi?" akauliza polepole.

Tulicheka. Mtu mzima hajui jogoo ni ngapi!

"Kumi, mwalimu."

"Na wewe," akamwambia, sauti imeshuka kabisa, "unaitwa nani?"

Ilikuwa wiki ya tano.

"Mwajabu Shemdoe."

"Mwajabu, njoo mbele. Nichinjie jogoo, wote waone."

Mwajabu akaenda mbele. Akaweka mezani majogoo watatu na vifaranga wawili. Akamwondoa jogoo mmoja, akahesabu vifaranga kumi akavichanganya na vile viwili, vikawa kumi na viwili. Akatoa saba. "Wamebaki watano. Na majogoo wawili. Ishirini na tano." Alisema kama mtu anayetaja jina la mama yake.

Sengasu akageuka ubaoni. Akaandika thelathini na mbili, juu ya ile tatu akachora jogoo, chaki ikakatika, akachukua nyingine. Tukachinja jogoo wa arobaini na moja toa sita, tukachinja wa sabini na tatu toa nane. Mikono themanini na mitatu ilikuwa juu, na daftari la kaki lilikuwa limeanguka chini ya ubao, hakuna aliyelikumbuka.

Kengele ilipolia Bwana Kallaghe akaja mbele. Hatukutoka. Aliliokota daftari, akalifuta vumbi, akalifungua.

"Mwalimu Sengasu, kuchinja jogoo kumeandikwa ukurasa wa ngapi?"

"Hakumo, mkufunzi."

"Dakika ya tano uliacha andalio lako. Mimi ninapima andalio. Mwaka huu sijaona zuri kama hili. Kwa nini uliliacha?"

Yule kijana mwenye majivuno yake yote angeweza kujitetea kwa mashairi. Alitazama visoda sakafuni.

"Ni zuri, mkufunzi. Lakini halimjui mtoto."

Mkufunzi akamtazama Mwalimu Nakiete. Mama wa watu akawa anatazama dirishani, kana kwamba ukungu una habari. Mzee akaandika kitu, akafunga daftari, akamrudishia, akaenda zake. Hatukujua ameandika nini. Sengasu naye hakulifungua mbele yetu.

Kesho yake, kengele ya mapumziko ilipolia, tulichora duara kama kawaida. Mara tukaona viatu vinavyong'aa vinasimama kwenye mstari. Alikuwa na jiwe bapa mkononi.

"Mwajabu," akasema, "nifundishe kurusha. Nimebakiwa na wiki tatu, na mkufunzi ameniruhusu kuzimaliza."

Mwajabu alimla visoda vyote siku ile. Hakumwachia hata kifaranga.

Mwalimu Nakiete ndiye aliyeyachukua yale maneno. Akawaambia walimu wenzake, akawaambia wazazi kwenye kikao, wazazi wakayabeba hadi shambani na harusini. Ndiyo maana leo Mama Kimweri, ambaye kwao aliitwa Mwajabu Shemdoe, aliutazama mchoro wa yule fundi kwa muda mrefu vile kabla hajasema neno. Nendeni mkamwambie fundi aache karatasi, apande hadi chemchemini na akina mama wanaochota pale. Na ninyi pia, siku mtakapopanga jambo mkaliona limenyooka kwa rula, kumbukeni jogoo wa Mwajabu. Andalio halimjui mtoto.