Barua ya Mistari Sita

Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma. Hapo zamani, zama za taipu na karatasi ya kaboni, palikuwa na ofisi ya maji katika wilaya moja ya bara. Ofisi hiyo ilikuwa na watu wawili tu wa kuandika. Mmoja ni Mzee Rwechungura, karani mkuu, aliyetunga barua na kuzitia sahihi. Wa pili ni Nyamizi, mpiga chapa wa mkataba. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na nyumbani chungu kilimtegemea yeye: mama hajiwezi, wadogo zake wawili wako shule. Nyamizi aliogopa, nawaambia.

Sasa, barua za Mzee Rwechungura zilikuwa na kurasa tatu. Hazikupungua, hazikuzidi. Ukurasa wa kwanza ni "husika na kichwa cha habari hapo juu", salamu, pongezi na shukrani. Ukurasa wa pili ni historia ya jambo lenyewe, tangu enzi za Mjerumani ikibidi. Ukurasa wa tatu, mwisho kabisa, ndipo linapokaa ombi. Nyamizi aliwahi kumuuliza kwa nini. Mzee akamweleza kwamba kwao mgeni haombi moto akiwa mlangoni. Huketi, akasalimu, akaulizia ng'ombe mpaka ndama, kisha ndipo akasema kilichomleta.

Basi pampu ya kisima cha zahanati ya Mwabusiga ikafa. Mzee akaandika mkoani, kurasa tatu. Likaja jibu: barua yenu imepokelewa, tunashukuru kwa pongezi. Akaandika tena, kurasa tatu. Likaja jibu: imepokelewa, nasi tunawapongeza. Akaandika mara ya tatu, kurasa tatu. Likaja jibu: imepokelewa na kuhifadhiwa jaladani. Mhandisi wa mkoa, wenye kumjua walisema, alikuwa msomaji wa ukurasa wa kwanza.

Siku ya arobaini na moja akaja nesi wa Mwabusiga, jina lake Skolastika, kwa miguu tangu alfajiri. Alikuwa peke yake pale zahanati mwaka wa nne huo, hana wa kumpokea zamu. Akaweka mezani karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Haina anwani, haina salamu, haina kichwa cha habari. Aliandika kwamba ni siku arobaini na moja hawana maji. Kwamba wajawazito wanane wamekuja kujifungua na ndoo ya maji kichwani. Kwamba wa tisa alianguka na ndoo yake njiani. Mtoto amepona, mama mpaka leo hajasimama.

Nyamizi akaisoma, roho ikamuuma. Mzee alikuwa ametoka kunywa chai. Nyamizi akaingiza karatasi kwenye taipu. Mstari wa kwanza akaweka ombi: tunaomba pampu moja ya mkono, wiki hii. Mistari minne iliyofuata akaweka maneno ya nesi, wala hakuyapamba. Mstari wa sita akataja nani apokee pampu, na wapi. Akampelekea mzee aliporudi.

Mzee akasoma, kisha akaigeuza karatasi nyuma kutafuta iliyobaki.

"Hii si barua, binti," akasema. "Huku ni kupiga hodi kwa teke."

"Ndiyo, mzee. Lakini wa tisa ameanguka."

Mzee akachukua kalamu. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuweka jina lake chini ya kitu kama kile, na aliona haya kama mtu aliyetoka nje bila shati. Akatia sahihi.

Pampu ikafika siku ya nne. Ilikuja na barua ya mhandisi mwenyewe, nayo ilisema hivi: kwa miaka kumi na minane nimepokea kwenu kurasa tatu tatu. Nilipoona mistari sita yenye sahihi ya Rwechungura nikadhani kuna msiba, nikasoma yote. Wanawake wale na ndoo zao hawajanitoka akilini. Sahihi naijua, mtindo siujui: nitajieni aliyeandika barua ile, jina moja, na ombi lake moja la kikazi, hata la idara nyingine, nitalisimamia mkoani mpaka likubaliwe.

Jina moja, jamani. Nesi aliitwa, wakaketi watatu.

Nesi Skolastika akasema, "Mhandisi haikumbuki taipu, anazikumbuka ndoo. Ndoo nilizihesabu mimi. Naomba nesi wa pili, maana siku nikianguka mimi, nani atawapokea wale?"

Nyamizi akasema, "Maneno yako, dada, yalikuwa kwenye karatasi isiyo na pa kwenda. Mimi nimeyapa njia, na ombi nimelitoa mkiani nikaliweka kichwani. Naomba ajira ya kudumu."

Mzee Rwechungura akasema, "Mngeandika nyinyi mistari sita, nani angeshtuka? Ufupi ule ulisikika kwa sababu ya urefu wangu wa miaka kumi na minane." Naye aliomba uhamisho wa kwao Bukoba, kwa miaka mitatu iliyombakia kazini, maana mkewe macho yamekufa na hana wa kumshika mkono. Uhamisho huo alikwisha kuuomba mara nne. Ombi lilikuwa ukurasa wa tatu.

Hakuna aliyebisha, kwa kuwa hakuna aliyesema uongo.

Mwisho mzee akachukua karatasi tupu, akatia sahihi chini kabisa, akamsogezea Nyamizi.

"Andika jina, mwanangu. Mimi sitasoma."

Nesi akainuka, kuna mzazi alimwacha na uchungu. Alipofika mlangoni akasema kwamba na yeye hatauliza.

Nyamizi akabaki na mashine yake. Akapiga maneno manne: Aliyeandika barua ile ni. Hapo vidole vikagoma. Mkataba wake ulibakiza siku tisa, gari la posta linaondoka saa kumi, na saa ya ukutani inasema tisa na nusu.

Haya, nyinyi mliokwisha kukohoa, taipu iko mbele yenu. Je, jina la nani lilistahili kuandikwa pale?