Mungu Amepanga kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi za wanyama kwenda kanisani na kugombania benchi la mbele, Bi Pimbi alikuwa na nyumba yake pangoni, juu mlimani. Ndogo, lakini kavu. Humo alilea wanawe, na humo alitunza chungu cha mbegu za maharage, azipande mvua ikianza.

Siku moja Fisi akabisha. "Hodi, Bi Pimbi. Nimechoka, nipe pa kulala."

"Karibu, Bwana Fisi. Mgeni ni baraka."

Baraka gani, wanangu! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu alijipa kitanda. Watoto wa Pimbi wakahamia nje, wakalala wamebanana, na mawingu hayo yanakuja.

"Bwana Fisi, mbona huondoki?"

"Mungu amepanga nikae," Fisi akajibu, akijikuna tumbo. "Mimi nani nimpinge?"

Maneno hayo aliyaokota kanisani. Mzee wa kanisa, Tembo, alihubiri kwamba hakuna jambo linalompita Mungu, hata jani halianguki yeye asijue. Fisi akaitika amina kubwa kuliko wote. Kisha harufu ya nyama ikapita dirishani, naye akapita mlangoni, nusu ya mahubiri ikabaki huko.

Asubuhi moja Bi Pimbi akakuta chungu cha mbegu kitupu. Fisi yuko pembeni anacheua.

"Umekula mbegu za wanangu?"

"Mungu alipanga ziliwe."

Moyo ulimuuma Bi Pimbi. Bila mbegu, wanawe wangekula nini msimu ujao? Akaenda mbio kumwita Mzee Tembo. Tembo hakuenea pangoni, akaingiza mkonga tu.

"Fisi, nani amekuruhusu kukaa humu?"

"Mungu amepanga, Mzee."

Tembo akautoa mkonga polepole, kwa adabu. "Mungu amepanga humu? Chumba kipi?"

"Si chumba, Mzee. Amepanga yote."

"Nyumba nzima!" Tembo akamgeukia Bi Pimbi. "Mama, umepata mpangaji kama huyo na bado unalalamika?"

Akaondoka akinyata, asije akamsumbua mpangaji. Masikio yote yale, wanangu, na hayakumsaidia kitu.

Bi Pimbi alikasirika, kisha akacheka, kisha akafikiri. Kesho yake akaokota mfupa mnene, akauweka chini ya mlima. Akamwomba Mzee Tembo ajibanze nyuma ya mwamba karibu na pango, asikilize tu. Mbingu ilikuwa nyeusi tii.

"Bwana Fisi," akasema, "kule chini kuna mfupa wenye uboho. Ila najua wewe hufanyi jambo kwa kutaka kwako. Kaa, tungoje Mungu akupeleke."

Fisi akangoja. Pua ikacheza. Mate yakamtoka, churuchuru.

"Nadhani ananipeleka."

"Bado. Mbona miguu inatikisika? Ni ya nani hiyo?"

"Ya... ya Mungu."

"Basi iache, usiiguse."

Wapi! Fisi alifyatuka, puru! Bi Pimbi akawaita wanawe ndani, wakasukuma jiwe la mlangoni kwa mabega: gurugudu, gurugudu, ba. Na mvua ikashuka, chwaaa.

Fisi akarudi mbio, kaukumbatia mfupa. "Nifungulieni!"

"Pole, Bwana Fisi," sauti ikatoka upenyoni. "Mungu amepanga ufungiwe nje. Mimi nani nimpinge?"

"Mwongo wewe! Umefunga mwenyewe, kwa mikono yako, kwa kutaka kwako!"

"Kumbe mikono ina mwenyewe? Na mdomo uliokula mbegu, mwenyewe ni nani?"

Tembo akatokea nyuma ya mwamba, maji yanamtiririka. "Jibu, Fisi."

"Ni mimi," Fisi akasema kwa sauti ndogo. "Nilizila kwa sababu nilizitaka."

"Jumapili ungekaa ungesikia nusu ya pili. Mungu huyo huyo asiyepitwa na jambo ndiye aliyekupa hiari, na atakuuliza umeitumiaje."

"Lakini Mzee, kama alijua nitakula, ningeachaje?"

Tembo akajikuna sikio. "Hapo, kusema kweli, hata mimi sipaoni vizuri."

"Mimi napaona nusu," akasema Bi Pimbi. "Mvua hii ni ya Mungu, siwezi kuizuia. Mlango huu ni wangu. Vyote viwili vipo, na wewe umelowa."

Kisha akauliza kwa upole, "Na yule mpangaji, Mzee?"

Tembo akakohoa. "Hayo tuyaache, mama."

Upenyoni likatoka jembe. Fisi akalichukua, akaenda kulima shamba la Tembo, apewe mbegu za kumrudishia Bi Pimbi. Wale watoto wakalala ndani, pakavu, wakikoroma.

Wapita njia walimwona Fisi kwenye matope wakashangaa. "Fisi, leo unalima?"

"Mungu amepanga," akaanza. Akainua macho, akamwona Bi Pimbi juu ya jiwe lake, anamtazama. Akameza mate. "Nami nimekubali."

Hadithi yangu nimeiacha shambani, kaiokoteni. Neno lake ni moja: Mungu hupanga, lakini mkono unaodokoa una mwenyewe.