Mahekalu Matatu ya Bwana Kotecha

Hapo zamani, nazo si zamani za wanyama kusema bali za watu kupanda ndege kwenda kutibiwa, walikuwepo watu wanne katika chumba kimoja cha hospitali. Mji ni Chennai, kusini mwa India, mji ambao watu wa umri wangu walifundishwa shuleni kuuita Madras.

Wa kwanza alikuwa Narottam Velji Kotecha, mwenye duka la vitambaa Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga, umri wake miaka sabini na mmoja. Huyo ndiye aliyekuwa kitandani. Mkewe alikwisha kufa, na hawakujaliwa mtoto.

Wa pili alikuwa Kirit Jamnadas Pabari wa Dar es Salaam, mtoto wa dada yake Kotecha. Ndugu wa damu aliyebaki alikuwa huyo tu.

Wa tatu alikuwa Zuberi Mwinyikambi, fundi cherehani. Kwa miaka arobaini na mitatu cherehani yake ilikaa barazani pa duka la Kotecha, na kwa miaka hiyo yote hawakuacha kutaniana.

Wa nne alikuwa Perpetua Semkiwa, mwenyeji wa Magila, wilaya ya Muheza. Alimuuguza mke wa Kotecha mpaka mwisho, kisha akabaki kumpikia mzee chakula chake kisicho na nyama wala yai.

Moyo wa Kotecha ulikuwa umechoka. Madaktari walipanga kumpasua siku ya Ijumaa. Jumatano jioni aliwaita wenzake watatu karibu na kitanda akawaambia kuwa ameweka nadhiri. Kabla kisu hakijamgusa, yatembelewe mahekalu matatu ya mji ule, yote kwa siku moja. La kwanza ni la Kapaleeshwarar, kule Mylapore. Hapo jina lake lisomwe mbele ya mungu. La pili ni la Parthasarathy, kule Triplicane. Hapo jina lisomwe tena, na kiletwe chakula kilichobarikiwa. La tatu ni la Murugan, kule Vadapalani. Hapo hekalu lizungukwe mara mia moja na nane, miguu mitupu.

Alikusudia kwenda mwenyewe. Daktari alimkataza hata kwenda msalani peke yake. Kotecha akasema kwamba nadhiri isipotimia hatatia sahihi karatasi ya kupasuliwa, na karatasi akaiweka chini ya mto.

"Nendeni nyinyi," akasema. "Mimi sina mtoto, na kwetu moto wa maiti huwashwa na mtoto. Atakayeitimiza nadhiri yangu ndiye mwanangu, awe nani awe. Na siku nikifa, yeye ndiye atakayewasha moto wangu."

Zuberi akamwuliza kama anatazamia kufa kwa kisu au kwa ubahili. Kotecha akajibu kwamba atakufa kwa mdomo wa Zuberi.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, watatu hao wakapanda bajaji.

Walipofika Mylapore wakavua viatu, wakapita chini ya mnara wa lango uliojaa sanamu za rangi, wakaingia uani. Mbele kulikuwa na mlingoti wa shaba, na kando yake kibao: asiye Mhindu asipite hapa. Zuberi na Perpetua wakasimama. Kirit akapita.

Muda mfupi baadaye Kirit akarudi, jasho linamtoka. Kuhani alimwuliza jina la mgonjwa, akalitaja. Akamwuliza ukoo, akautaja. Akamwuliza nyota aliyozaliwa nayo, Kirit asiijue. Kupiga simu kwa mjomba hakuthubutu, maana mzee angejua kuwa mpwa wake hamjui, na moyo wake ni ule ule uliochoka.

"Rohini," akasema Zuberi.

Kirit akamtazama. Zuberi akaeleza kwamba marehemu mama yake Kotecha alikuwa na desturi. Kila mwaka, katika mwezi aliozaliwa mwanawe, siku ya nyota hiyo, alileta kitambaa barazani ashonewe mwanawe shati jipya, wala hakuruhusu mkasi uguse kitambaa kabla ya siku yenyewe. Mashati kumi na tisa aliyashona Zuberi, mpaka bibi yule alipofariki.

Kirit akarudi ndani mbio. Jina likasomwa, na ukoo, na nyota. Hekalu moja likaisha, yakabaki mawili.

Wakaenda Triplicane. Wakakuta lango limefungwa, kwa kuwa adhuhuri mahekalu hufungwa mpaka saa kumi. Kirit akataka warudi hotelini wakapumzike. Perpetua akasema kuwa yeye mwenyewe akilala hataamka, akakaa kwenye ngazi na viatu vya wote mapajani. Zuberi akaenda kuswali katika msikiti uliokuwa jirani. Lango lilipofunguliwa Kirit akaingia peke yake, akakaa foleni ndefu, akasoma jina, ukoo na nyota bila kukosea, akatoka na wali mtamu uliofungwa katika jani la mgomba. Hekalu la pili likaisha, likabaki moja.

Wakaenda Vadapalani. Magari yalibanana njia nzima, wakafika saa kumi na moja na nusu. Kirit aliingia akasali, kisha akatoka nje kuanza kuzunguka. Mawe ya sakafu yalikuwa yamechomwa na jua tangu asubuhi. Akazunguka kumi. Akazunguka ishirini. Alipofika ishirini na saba alikaa chini, akawaonyesha nyayo: ngozi ilikuwa imetoka malengelenge. Kirit ana kisukari, na mwenye kisukari akipata kidonda cha mguu huweza kupoteza mguu. Hilo halikuwa deko.

Akamwambia Zuberi amalizie. Njia ya nje haikuwa na kibao, kila mtu alipita.

Zuberi akakataa kwa upole. "Kuzunguka, mwanangu, mimi nimeweka kwa Kaaba tu. Na huko kwenyewe sijajaliwa kufika."

Ndipo Perpetua alipoondoa viatu mapajani. Akatoa rozari mfukoni, akasema kuwa ishirini na saba zimekwisha, zimebaki themanini na moja, yaani makumi manane na moja. Akaanza. Kila duru moja, punje moja. Mama muuza maua pale mlangoni alimtazama akipita, akapita, akapita, mwishowe akamchomeka asmini nywelini bila kumwuliza neno. Alipomaliza duru ya themanini na moja hakuweza kukanyaga vizuri. Zuberi alimshika mkono mmoja na dereva wa bajaji mkono wa pili. Hekalu la tatu likaisha.

Wakarudi hospitali. Kotecha akala wali mtamu, akasikiliza habari yote tangu mwanzo, kisha akauliza ni nani basi aliyetimiza.

Kirit akasema, "Mjomba, ni mimi. Niliyesimama mbele ya miungu yako mahali pote patatu ni mimi. Jina lako limetoka kinywani mwangu. Hawa waliishia uani. Na mimi ni damu yako."

Zuberi akasema, "Alilisoma jina, ndiyo. Bila nyota lilikuwa jina la Narottam yeyote. India hii ina Narottam wangapi? Mimi ndiye niliyewaambia ni yupi."

Perpetua akasema, "Mzee, ulisema mara mia na nane. Ishirini na saba si nadhiri, ni matembezi. Nyayo zangu hizi hapa."

Kirit akamwuliza Zuberi atawashaje moto wakati dini yake inazika. Zuberi akajibu kwamba hilo litakuwa baina yake na Mola wake, halimhusu Kirit. Kirit akamgeukia Perpetua, akasema kwamba kwao mwanamke hawashi moto wa maiti.

"Mzee alisema awe nani awe," Perpetua akajibu. "Nawe ulikuwepo, hukupinga."

"Sikudhani utazunguka."

"Nami sikudhani utakaa."

Kotecha akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama. "Bado napumua," akasema, "nanyi mnagombea kiberiti." Akaitoa karatasi chini ya mto, akatia sahihi.

Alipasuliwa Ijumaa kwa muda wa saa tano, akapona. Akarudi Tanga, akafungua duka, akaishi mwaka mmoja na miezi miwili. Katika muda huo kila mmoja alimwuliza kwa namna yake. Kirit alipiga simu kila Jumapili, na mwisho wa mazungumzo aliuliza. Zuberi aliuliza akiwa anashona, bila kuinua kichwa. Perpetua hakuuliza, ila siku za mvua alipoleta chai alisema nyayo zinamwuma. Kwa wote watatu Kotecha alikuwa na jibu moja: "Nilisema atakayeitimiza. Aliyeitimiza anajijua."

Na kila mmoja wao alijijua.

Wazee wa jamii yake waliitana kulizungumza, wasiafikiane. Mmoja alishika damu. Mmoja alishika neno la mwenye nadhiri, kwamba awe nani awe. Mmoja alisema kuwa nadhiri iliyogawanywa haikutimizwa na mtu, basi mwana hakupatikana. Huyo wenzake walimnyamazisha.

Narottam Velji Kotecha alifariki nyumbani kwake, Barabara ya Kumi na Mbili, siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Saa kumi jioni kuni zilikuwa zimepangwa na samli imemiminwa, na watu watatu wamesimama mbele, kila mmoja amenyoosha mkono.

Nyinyi mliosikia, semeni: je, nani alistahili kupewa moto?