Kiwanja Kimoja cha Tangini

Sogeeni karibu jamani, na mwenye kicheko akimalize sasa hivi. Hili ninalowasimulia nimeliona kwa macho yangu. Nisikilizeni hadi mwisho, maana mwishoni nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu aniambie "sijui".

Mtaani kwetu Kijitope, pale mto unapopita katikati ya nyumba, kulikuwa na watu watatu.

Wa kwanza ni Bi Sikujua, muuza vitumbua. Huyu kajaliwa kukumbuka. Mtajie mafuriko yoyote, atakwambia yalianza siku gani, yalimchukua mbuzi wa nani, na mwenye mbuzi alikuwa amevaa nini.

Wa pili ni Fundi Pazi, mwashi. Huyu kajaliwa jicho la kupima. Akisimama mahali anakwambia ardhi inalalia wapi. Ukimbishia, anachukua ule mpira wake mrefu mweupe wa mafundi, unaoonyesha ndani, anaujaza maji, anakushikisha ncha moja, na maji yenyewe yanakuumbua, maana hukaa kimo kimoja ncha zote mbili.

Wa tatu ni Atupele, binti aliyekuwa anasomea mipango miji, mpangaji wa chumba kimoja kwa Mama Rehani. Huyu kajaliwa kupanga. Mpe mambo yaliyotawanyika, atakurudishia jambo moja linaloeleweka hata kwangu mimi niliyeishia darasa la nne.

Basi chuo kikampa Atupele kazi: atafiti mafuriko ya Kijitope, achore ramani ya maji yanapofika, na apange watu wakimbilie wapi. Kazi nzuri kabisa. Lakini maskini, akaanza na kosa. Alitaka kuweka alama kwenye kuta, kuonyesha maji ya miaka iliyopita yalifika kimo gani. Akaenda duka la vifaa kununua rangi, akakuta nyekundu tu. Akabeba nyekundu!

Nyekundu, jamani! Mtaa wa bondeni! Kwetu sisi rangi nyekundu ukutani ina maana moja tu: nyumba hii inavunjwa. Asubuhi aliweka alama nyumba kumi na nne. Kufika adhuhuri kina mama wote wako nje na mafuta ya taa na brashi za kufulia, wanasugua kuta kama wamechanganyikiwa. Na kuanzia hapo, kila aliyeulizwa maji yalifika wapi alionyesha chini, ili nyumba yake isionekane ya hatari. Huyu anaonyesha kifundo cha mguu. Yule anasema yalipita tu barabarani, wala hayakuingia ndani. Bi Sikujua naye, huyo huyo mwenye kukumbuka kila kitu, akaonyesha goti.

Wiki tatu zikapita. Siku moja Bi Sikujua akamfuata Atupele chumbani, akamkuta anapiga pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikudanganya."

Atupele akaiweka pasi pembeni.

"Maji hayakuishia gotini," Bi Sikujua akasema. "Yalipita juu ya fremu ya mlango. Na nikwambie lingine. Siku ile ya mafuriko nilikuwa nimeinjika maharage. Nikachungulia mto, maji yameshafunika jiwe la tatu pale kwenye ngazi za kivuko. Nikasema bado kabisa. Mwanangu, maharage hayajaiva, maji yakaingia jikoni yakanizimia moto. Na imekuwa hivyo hivyo mara tatu."

"Mbona unaniambia leo, mama?"

"Kwa sababu nimechoka kuongopa. Kama ni kunivunjia, wanivunjie."

Akatoka hapo akaenda nyumba kwa nyumba kuwaumbua wenzake. "We Mama Chausiku, eti kifundo cha mguu? Si tulikutoa dirishani wewe!" Aibu ikawashika, ukweli ukatoka mtaa mzima.

Fundi Pazi naye. Miaka yote mvua ikizidi tulikimbilia shule ya msingi. Kutoka uchochoroni unapanda ngazi saba kuingia shuleni, kwa hiyo sote tulijua shule iko juu. Pazi akasema anataka kuhakikisha. Siku tisa alivuta ule mpira kutoka ukingo wa mto, kigingi hadi kigingi, Atupele ameshika ncha ya pili. Siku ya tisa wakafika mlangoni pa shule. Nilikuwepo. Pazi alitazama maji kwenye mpira, akakaa chini sakafuni.

"Dada, tupime tena."

Wakapima tena. Sakafu ya shule ilikuwa chini ya ukingo wa mto, kwa kimo cha mtu mzima! Hatukuwahi kuona kwamba uchochoro wenyewe unateremka njia nzima kabla ya zile ngazi saba. Zamani maji yaliyofika pale yalipitiliza nyuma. Sasa nyuma kuna barabara mpya, imeinuliwa kwa kifusi mara mbili, maji hayana pa kutokea. Mimi mwenyewe mwaka wa nyuma nilimbeba mama yangu mgonjwa nikampeleka pale, nikamlaza, nikamwambia hapa uko salama.

Na Atupele? Alichukua maharage ya Bi Sikujua na mpira wa Fundi Pazi, akakaa navyo. Akanunua maharage, akayapika juu ya jiko la mkaa huku anatazama saa. Halafu akamshika mkono bibi mmoja wa mtaani, wakatembea taratibu kutoka bondeni mpaka Tangini, kile kilima chenye tangi la maji, na saa yake mkononi. Akakuta muda wa maharage kuiva unatosha kupanda kilima, lakini kwa kubana. Akachora ramani kwenye shuka, akaitundika buchani ambako kila mtu anapita. Agizo moja tu: jiwe la tatu likizama, masufuria yagongwe, mtu asiende shuleni, wote Tangini. Kila asiyeweza kutembea akapangiwa jirani wa kumbeba, kwa jina.

Tukafanya mazoezi mara tatu. Tulimcheka Atupele sana! Jua linawaka, watu wazima tumebebana migongoni tunapanda kilima. Mimi nilikuwa kinara wa kucheka.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mchana. Kwetu hakuna hata wingu. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu milimani, sisi habari hatuna. Ghafla tunasikia masufuria yanagongwa kivukoni: jiwe la tatu limezama! Na jua linawaka vile vile! Kama si yale mazoezi, wallahi nisingenyanyuka kwenye mkeka. Nilimbeba mama, nikapanda.

Tulipofika Tangini tukageuka kutazama. Mungu wangu. Maji yalikuja mekundu ya udongo, yamebeba milango, magodoro, choo kizima na bati lake. Nyumba ya Bi Sikujua ikakatika katikati. Ya Fundi Pazi ikaondoka yote. Ya Mama Rehani, pamoja na chumba cha Atupele, ikaporomoka kama mkate ulioloa chai. Halafu tukatazama shule. Maji yakafika madirishani. Madirisha yakapotea. Likabaki bati tu, nalo likazama. Watu mia nne na kumi na mbili tumesimama pale midomo wazi, tunatazama mahali ambapo tungekuwa tumefia. Tukahesabiwa, hakuna aliyepungua hata mmoja.

Sasa ndipo linapoanza la kuniumiza kichwa. Baada ya miezi ya kukaa kwenye mahema, halmashauri ikatoa kiwanja kimoja huko huko Tangini, kwa mtu aliyeuokoa mtaa. Kimoja, na hati yake huandikwa jina moja. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Kapungu, akaitisha mkutano, akawasimamisha wote watatu, akitegemea kila mmoja atasema "apewe mwenzangu". Mimi pia nilitegemea hivyo. Heee!

"Mimi nakitaka," akasema Bi Sikujua. "Mwanzo nilidanganya, ndiyo, nakiri. Lakini bila maharage yangu mngejuaje muda? Nalala kwenye hema na wajukuu wanne. Mkimpa mwingine, mafuriko yajayo msiniulize kitu. Nitasahau kwa makusudi."

"Na mimi nakitaka," akasema Fundi Pazi. "Bila mpira wangu mngewahi vizuri sana, tena mapema, kwenda kufia shuleni. Nimewajengea nyumba nusu ya mtaa huu, yangu haipo. Mkimpa mwingine, mpira nauweka."

Atupele alikuwa analia. "Hata mimi nakitaka," akasema. "Mnasema mimi mpangaji, nitajipatia kwingine. Wapi? Nimeuliza kote, hakuna chumba. Wao walikuwa na vipande, mimi ndiye niliyeviunga vikawa njia. Nisipopata, Jumatatu narudi kwetu Tukuyu."

Mkutano ukalipuka. Watatu hao, ambao wawili walivuta mpira mmoja siku tisa na wote walikula sahani moja ya yale maharage ya majaribio, tangu siku hiyo hawasalimiani. Bi Sikujua akipita, Atupele anageukia ukutani. Inauma kuangalia.

Na lililonimaliza kabisa ni hili. Juzi tulishuka bondeni na Bwana Kapungu. Mto umehama! Umeacha njia yake ya zamani, sasa unapita palipokuwa na soko. Lile jiwe la tatu liko pakavu, mbuzi wanalala juu yake. Ile ramani ya shuka haina kazi tena. Mvua za vuli zimebaki wiki sita, na watu wameshaanza kurudi kujenga, kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Mama yangu, hata kwa kubebwa, ni mmoja wao. Inatakiwa ramani mpya, na kuitengeneza anatakiwa mwenye kukumbuka, mwenye kupima na mwenye kupanga, wote watatu.

Jina linatakiwa kesho saa nne asubuhi. Tusipopeleka, kiwanja kinarudi halmashauri, wakose wote. Bwana Kapungu amekosa la kufanya, fomu ya kiwanja kanipa mimi, eti mimi sina upande. Nimeishika toka asubuhi.

Haya, nyinyi mliosikiliza. Fomu hii hapa, na kalamu hii hapa. Wewe hapo mbele, usiangalie chini. Ungeandika jina la nani?