Neno la Josée Sokoni Manika

Jeraha la kidole hufungwa kitambaa likapona. Jeraha la neno halina kitambaa. Ndiyo maana wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Josée, muuguzi wa Kolwezi, aliijua methali hii tangu utotoni, lakini kujua si kushika.

Katika kituo chake cha afya Josée hakugombeza wagonjwa. Alikuwa amefundishwa kuuliza, kunyamaza, kisha kusikiliza. Tata Mukalay, mchimbaji wa shaba mwenye shinikizo la damu, alikwisha kuwakimbia wauguzi waliomfokea kama mtoto. Josée alimuuliza tu, "Tata, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mzee aliinamisha macho. "Mama, mi nataka kupanda kamba ya shimo bila kupumzika katikati. Batoto ba ekipe, timu yetu, bananicheka. Na bakijua ni tansiyo, hii presha, nimekwisha. Kwetu mugonjwa hashuki. Banasema anafunga mali, madini inajificha."

"Na nini kitakusaidia kupanda?"

"Dawa nitameza. Na makayabu..." Alicheka kidogo. "Basi, ule samaki wa chumvi nitamuachia bibi yangu Chancelle."

Hakuna aliyemwamuru. Alijiamulia, akashika neno lake kama kupe ashikavyo ngozi. Miezi ikapita, shinikizo likashuka, pumzi ikarudi. Josée alifurahi kama mama aliyejifungua salama.

Jumamosi moja, sokoni Manika, mtoto wake mgongoni, Josée alimwona mzee akipokea kipande kikubwa cha makayabu. Huruma ikaitangulia akili.

"Tata Mukalay! Na ile tansiyo yako, chumvi tena? Unataka kufa?"

"Ni ya bibi yangu," mzee alinong'ona. Lakini nyuma yake walisimama Stany na Ruffin, vijana wa timu yake.

Stany akapiga makofi. "Yo! Kumbe tunashukaka na maiti! Ndiyo maana shimo imekauka!"

"Vieux, mzee wetu, baki huku juu uuzishe mikate," Ruffin akadakia. Wauza samaki wakaangua kicheko.

Josée alijiziba mdomo. Lakini neno si kuku, useme utalirudisha bandani.

Kesho yake timu ilimnyima mzee kamba. Akaenda Tenke, kwenye shimo ambako hakuna aliyemjua. Huko alilala chumba kimoja na wachimbaji wenzake, na ili wasione vidonge, aliviacha nyumbani. Josée alimpigia simu, hakupokea. Mvua za kwanza zilipoanza, Mukalay alianguka humo chini, akavutwa juu kama gunia la mawe.

Aliporudishwa Kolwezi, Josée alimkuta nyumbani kwake, amelazwa mkekani, upande mmoja umekufa, kinywa kimepinda. Mzee alimtazama, kisha akaelekeza uso ukutani. Josée akapiga magoti, akaomba msamaha kwa sauti ndogo kama ya mtu anayetubu.

Chancelle aliendelea kumpangusa mumewe mate. "Sema kwa nguvu, mama," alisema bila kugeuka. "Hapa hakuna batu ba kusikia."

Kidole kikijikwaa, huumia mwenye kidole. Ulimi ukijikwaa, huanguka mwingine. Kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.